Kabla Kengele Haijalia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Sakuma,

Karibu Hoshikubo. Umepanda mlima kwenye theluji kuja kumuaga mwalimu wetu. Viatu ulivyovua tumeshavigeuza vitazame mlango, uvivae kwa urahisi ukiondoka. Sisi ni wazazi wa chekechea hii, na wengi wetu tulilelewa humu humu.

TULIKOTOKA
Baba zetu walikuwa wakata magogo, na mkono wao ulikuwa mwepesi kuchapa. Mwalimu Kuwabara Toshie alipofika, alimkuta Genta, mtoto wa kung'ata wenzake. Baba yake akasema mbele yetu, "Mchape tu, Mwalimu. Ruhusa nimekupa."

"Nikimchapa atajifunza maumivu, Baba Genta, na hayo anayajua. Niachie nimwangalie kwanza."

Akamwangalia. Akagundua Genta hung'ata wenzake kengele ikilia, mchezo unapokatwa ghafla. Tangu hapo akawa anamwendea mapema.

"Genta, reli yako imebakiza nini?"

"Daraja."

"Basi malizia, kisha twende tukanawe."

"Treni ipite kwanza!"

"Ipite, dereva. Ila isichelewe."

Genta akaacha kung'ata. Baba yake akaja na kikapu cha viazi vitamu, akasimama mlangoni, machozi yakimlengalenga.

MAFANIKIO
Humu hatukuwahi kuchapwa, na adabu tulitoka nayo. Aliyeng'atwa kuliko wote, Shiho, ndiye anayekusomea risala hii. Genta ni mume wake.

CHANGAMOTO
Watoto wamepungua. Theluji ikiyeyuka, chekechea itafungwa na wanetu watapelekwa mjini. Hatupingi. Lakini sisi tuliyajua hayo kwenye tangazo la ukutani, na watoto wakayasikia barabarani. Siku hiyo Chinami, binti yangu na Genta, alivunja vikombe, nasi tukaokota vipande.

MAOMBI
Tunaomba watoto wapelekwe kule mapema wakacheze, wajue choo kiko wapi na nani atawapokea. Tunaomba pia Mwalimu Kuwabara, japo anastaafu, aruhusiwe kukaa nao mpaka wazoee. Yeye alitukataza kumwombea chochote, na sasa hivi ananikazia macho. Akiuliza nani kaandika, tutanyoosha mikono sote.

Mheshimiwa, ushuke mlima salama, ukute nyumbani kuna moto na watu wenye afya.

Ni sisi,
Wazazi wa Chekechea ya Hoshikubo