Dumu Miguuni pa Bi Zuleikha

Tangu tutoke Malindi gari lilinukia viazi karai, maana dereva wetu Mwaringa hanunui dizeli; hutia mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Dumu la akiba lilikuwa miguuni pa Bi Zuleikha, aliyekuwa akienda Kilifi kumuaga kakake kabla jeneza halijatoka nyumbani.

"Mwanangu, mafuta haya wayatoa wapi?"

"Hoteli za watalii, mama."

"Yamekaangiwa nini?"

Mwaringa akaikazia macho barabara, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Chipsi."

"Chipsi peke yake?"

"Mimi nachukua mafuta tu, mama. Jikoni siingii."

"Basi umenipakiza na nguruwe! Nami nimetawadha, naenda kumsomea ndugu yangu!"

"Nimeyachuja vizuri, mama."

"Nguruwe hachujwi!"

Nilitamani kucheka, nikageuzia uso dirishani.

Tulipofika Matsangoni gari likakohoa, likazima. Tangi lilikuwa tupu. Simu ya Bi Zuleikha ikalia, akaipokea, na sote tukasikia sauti ya nduguye kutoka msibani: "Dada, tunakungoja wewe tu."

Mwaringa alikuwa keshashuka, faneli mkononi. "Mama, nipitishie hilo dumu."

Bi Zuleikha akaikunja mikono ya buibui hadi viwikoni, kisha akaikunjua, akaivuta hadi ikafunika viganja, akalishika dumu.