Mshono Aliodaiwa Mwalimu Boke

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliofika hapa Kenyamonta, mimi ni Nchagwa, kaka mkubwa wa Ezra, mume wa marehemu, nami nasoma historia hii kwa sababu mwenyewe aliacha karatasi aliyoandika kwamba isomwe na mimi, si mtu mwingine.

Mwalimu Boke alizaliwa tarehe 14 Juni 1986 kijijini Susuni, wilaya ya Tarime, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akamaliza sekondari mwaka 2004, akapata cheti cha ualimu mwaka 2007, na mwaka huohuo akaajiriwa kufundisha hapa Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, ambako sauti yake darasani ilisikika hadi kwenye josho la ng'ombe. Alifunga ndoa na Ezra tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa watoto watatu, Elieth, Heche na Agustina.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 alianza kukoroma akiwa macho, pumzi ikapiga mluzi, akatibiwa pumu mwaka mzima bila nafuu, hadi madaktari wa Dar es Salaam walipogundua ugonjwa adimu unaosinyaza njia ya hewa chini ya koromeo. Tarehe 9 Machi 2023 walipitisha kamera nyembamba mdomoni, wakaipanua njia ile kwa kipira kinachotunishwa, bila kisu kugusa ngozi, na baada ya siku chache akarudi anaimba. Walimweleza kwamba njia itasinyaa tena, mluzi ukirudi naye arudi upesi, akafanya hivyo Februari 2024, akapata nafuu tena.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kwetu aliyefanyiwa upasuaji ana mshono, mama anao wake, mimi nina wa ngiri, tumeonyeshana sana, na huyu alikwenda Dar mara mbili akarudi na shingo laini kama ya mtoto. Mluzi uliporudi, Jumapili tarehe 10 Novemba 2024, niliitisha kikao cha ukoo, nikamwamuru afungue mtandio mbele ya wazee, nikammulika shingo kwa tochi ya simu, nikakosa alama, nikatangaza kwamba huko Dar ana mwanamume, na kwamba akipanda basi tena asirudi, watoto watabaki hapa. Alijaribu kueleza, pumzi ikamkatikia, watu wakacheka, na mimi nilicheka. Ezra aliinamisha kichwa tu. Boke hakwenda, kwa ajili ya watoto wake.

Jumanne tarehe 3 Desemba, saa nne asubuhi, alianguka akifundisha darasa la tatu, walimu wakamkimbiza hospitali, daktari akampasua shingo kumtafutia hewa, lakini tulikuwa tumemchelewesha mno, akafariki saa sita mchana, na pale shingoni wakamshona.

Tunawashukuru madaktari waliompa miezi ishirini ya kupumua, walimu wenzake waliombeba, na majirani waliochimba kaburi na kutupikia. Ukoo wangu siushukuru, wala mwenyewe sijisamehe. Jeneza litafunguliwa, sisi wazee wa kikao kile tutapita kwanza, na kila mmoja wetu atazame shingoni.

Pumzika kwa amani, shemeji, mshono tumeuona.