Nafasi Tupu Chini ya Korongo

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, tunayemsindikiza leo ni mchora mabango, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Bata mpaka mkasahau kwamba siku alipozaliwa alipewa jina jingine. Maneno haya yanasomwa na mdogo wake wa kike kwa niaba ya familia. Mwenyewe angetaka wasifu uwe mfupi, ila shukrani ziwe ndefu. Alikuwa hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya uzio. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba aliyetengeneza breki za mabehewa na mama aliyefua nguo za watu. Alichelewa kusema lakini aliwahi kuchora. Kipande cha mkaa kikidondoka jikoni, basi ukuta umeshakwisha. "Huyu atanimalizia kuta," mama alikuwa akilalamika, na kweli alimmalizia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, kuanzia mwaka 1963 hadi 1970. Hesabu zilimpiga chenga tangu mwanzo hadi mwisho, ila mwandiko wake ulikuwa wa kuangaliwa mara mbili, na walimu wakamwachia ubao wa matangazo wa shule nzima. Baba alitaka aingie karakana ya reli. Yeye mwaka 1972 akaenda kwa fundi mmoja wa mabango, mzee mkali aliyempa brashi na kumzuia kugusa rangi mpaka aweze kuandika herufi moja ikasimama bila kuegemea nyingine. Mwaka 1979 akafungua kibanda chake. Vinyozi, maduka ya dawa, milango ya malori: ukipita mtaani leo, bado unamsoma.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na mpiga chapa wa ofisi ya maji, ambaye ndiye mjane aliyeketi hapa mbele. Walikutana alipoitwa kuandika vibao vya milango ya ofisi ile. Mlango wa chumba cha wapiga chapa aliurudia mara nyingi kiasi kwamba mkuu wa ofisi aliuliza kama rangi ya siku hizi imekataa kukauka. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2001 vijana wa mtaa walianza kuigiza na kuchora, hawana pa kukaa. Marehemu akawaleta nyumbani. Kwa miaka miwili sebule ya mkewe ikawa jukwaa, meza ikatolewa nje, na mama wa watu akirudi kazini anakuta mfalme kalala mlangoni kwake, amechomwa mkuki, na inabidi amruke ili aingie. Ilipopatikana ruzuku kutoka mfuko mmoja wa sanaa, mwaka 2003, kikundi kikahamia kwenye ghala la zamani, na makochi ya mkewe yakaenda nayo. Yalikwenda kuigiza wiki moja, hayakurudi. Tangu hapo wageni wa nyumba ile tumekalia viti vya plastiki.

Mkataba wa ruzuku ulikuwa na sharti: kila tangazo liwataje wafadhili, na nembo yao iwe juu, kubwa kuliko maandishi yote. Kazi hiyo akapewa marehemu. Nembo ilikuwa korongo anayeruka, lakini fotokopi aliyoletewa ilikuwa imekatwa upande wa juu, na korongo asiye na shingo ni nani kama si bata? Akamchora bata mnene, mzuri, ukuta mzima. Mama wa ofisi ya wafadhili alipokuja kwenye uzinduzi alisimama mbele ya ukuta ule, akauliza taratibu, "Huyu naye anafadhili nini?" Hakuna aliyecheka kabla ya yeye kucheka. Korongo alirudishiwa shingo siku hiyo hiyo, na jina la Bata likabaki kwa mchoraji.

Kuanzia hapo alishukuru kwa bidii ya mtu aliyewahi kuponea chupuchupu. Alizunguka mitaani na baiskeli na kipaza sauti, na kabla hajasema mchezo unaitwaje alianza na wafadhili, akaja kwa seremala aliyetoa mabenchi, muuza rangi, mwenye ghala. Watu walimtania, "Mzee Bata, mchezo wenyewe utaanza lini?" Ndani ya ukumbi alichora ubao: korongo juu, na chini yake kila aliyetoa chochote.

Mkewe alikuja kuuona ubao, akausoma mpaka chini. "Na makochi yangu," akauliza, "yalijileta yenyewe?"

"We si wa nyumbani," akajibu kaka yangu. "Mtu anajishukuru?"

Wifi akachukua mkoba wake, akaenda zake. Swali lile la makochi lilimkaa kaka rohoni. Alikwenda kwa katibu wa kikundi kuomba amwandike, na katibu akamwambia ukweli wake: "Tukimwandika mkeo, watasema ni mradi wa familia. Wafadhili wakisikia, tumekwisha." Marehemu alikuwa mtu wa kutii mkataba. Lakini alipoupaka ubao upya, aliacha mstari mmoja mtupu, wa kwanza kabisa chini ya korongo. Kila mwaka aliupaka, kila mwaka aliuacha. Wengine walidhani anamsubiri tajiri. Ukimwuliza alisema, "Hapo pana mtu." Mkewe aliisikia habari ya nafasi ile kama alivyoisikia kila mtu, na hakuuliza tena. Wifi yangu anisamehe, lakini iliuma, na tuliona kwamba inauma.

Mwaka 2020 marehemu alianza kukwaruzwa na koo. Tulisema ni vumbi la ghala, tukasema ni rangi. Mwezi Juni 2021 alifanyiwa upasuaji katika hospitali kuu, na madaktari, ambao tunawashukuru, waliokoa maisha yake lakini sauti haikurudi. Mtu aliyekuwa akisikika mitaa mitatu sasa alikuwa anaomba maji kwa kidole. Hapo ndipo mkewe alipochukua kipaza sauti. Alitembea mbele akitangaza, mumewe nyuma akisukuma baiskeli, na kila alipowasahau wafadhili kengele ya baiskeli ililia.

Tarehe 12 Novemba 2022 kikundi kilizindua mchezo mpya. Mama wa ofisi ya wafadhili alikuwapo, amekuja kuamua kama ruzuku itaendelea. Mjane wetu alikuwa jukwaani akisoma shukrani. Alipofika kwa muuza rangi, marehemu akainuka kitini na kopo lake na brashi, akaenda ubaoni, akaanza kuandika kwenye ule mstari mtupu. Hakuandika mke wa fulani wala mama fulani. Aliandika jina ambalo binti yule alipewa na wazazi wake, lote, pole pole. Shukrani zikakatika. Ukumbi mzima ukawa unamsoma.

Alipomaliza, herufi zilikuwa kubwa kuliko korongo. Katibu akaangalia viatu vyake. Mama wa wafadhili akasogea mbele.

"Mkataba unasema nembo yetu ndiyo iwe kubwa," akasema. Marehemu akaitikia kwa kichwa. Aliujua mkataba kuliko wote. "Huyu alitoa nini?" mama yule akauliza.

"Sebule," akajibu seremala kutoka nyuma. "Na makochi. Hayo uliyokalia."

Mama yule akageuka, akalitazama kochi alilokuwa amekalia, kisha akatoa simu yake akaupiga picha ubao kama ulivyo. Ruzuku iliendelea. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Tulimtazama mjane wetu, aliyeshuka jukwaani, akasimama kando ya mumewe, akasoma jina lake. "Sawa," akasema. "Sasa makochi yangu yanarudi lini?" Watu wakacheka, yeye akalia.

Vijana waliyarudisha wiki iliyofuata. Marehemu alimalizia ugonjwa wake kwenye lile refu, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, na hapo ndipo alipotutoka asubuhi ya tarehe 3 Februari 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja, na vijana wa ghala ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Kwa desturi yake, tunawashukuru waliotupa viti, turubai, maji na machozi yao.

Jina la marehemu mwenyewe halimo katika ubao ule, hakuwahi kuliandika. Jana jioni mjane aliomba apewe brashi. Tulimwambia yuko fundi kijana anayeweza kumsaidia, akakataa. Herufi zitapinda, alisema, lakini zitasomeka.

Lala kwa amani, kaka. Shukrani za leo tumezisoma sisi.