Tension Niliyoikimbia

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Aa, mumeitikia kama watu wenye njaa. Bwana asifiwe tena! Sasa nasikia kweli niko kwetu Lusangi.

Munanijua, mimi mke wa Dieudonné, ninayeuza mawese kando ya barabara. Mdomo wangu pia munaujua. Leo mdomo huu umekuja kutubu.

Waliposimamisha antene ya simu nyuma ya nyumba yetu, sote tulifurahi. Lakini mwaka ule ule mimba yangu ya kwanza ikaharibika ikiwa na miezi saba. Ya pili vile vile: kichwa kinauma, miguu inavimba, kisha mtoto ananyamaza tumboni. Ndugu zangu, kumbeba mtoto aliyenyamaza, acheni tu. Nililia mpaka sauti ikakatika, na mtu anayelia hivyo hutafuta wa kumlaumu. Watu walisema mionzi ya antene inaua mimba, inaozesha hata mihogo ardhini. Nikaamini. Haukuwa ujinga, ulikuwa uchungu. Usimcheke mwanamke wa namna hiyo.

Papa Kitumaini, mlinzi wa antene, namwona pale benchi la nyuma. Nilikuwa nikikutana naye njiani natema mate. Nilitangaza sokoni kwamba amekula watoto wangu, na yeye alikuwa analinda mafuta ya jenereta tu! Simu ya mume wangu niliifukuza nyumbani, ikawa inalala kwenye banda la mbuzi.

Mimba ya tatu ilipofika miezi saba, kichwa kikaanza tena. Nikaenda kituo cha afya. Mama Vumilia, mzalishaji wetu, akanifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia, akapima mara mbili, uso ukambadilika.

“Mama, uko na tension ya juu sana. Lala hapa leo, usirudi ku nyumba.”

Tension ya juu! Ndugu zangu, kwenye seng'enge ya antene kuna kibao chenye fuvu la kichwa, kimeandikwa Haute Tension, yaani tension ya juu, umeme wa kuua. Masomo yangu ni kidogo, lakini kibao hicho nilikisoma kila siku. Nikasema moyoni: basi, leo hata wa kituo cha afya amekubali. Umeme wa antene umeingia tumboni mwangu! Nikamwambia Mama Vumilia naenda kuchukua nguo, kumbe nakimbia. Sikumuuliza hata neno moja. Nikaenda shambani, mwendo wa nusu siku kwa miguu, mahali antene haionekani. Dieudonné alikataa, akabishana nami, akachoka, akanibebea mkeka.

Siku ya tatu nilikuwa namenya mihogo, macho yakaona nyota mchana kweupe. Yaliyofuata nimeambiwa. Nilianguka, mwili wote ukatetemeka, povu mdomoni. Mume wangu alipiga magoti akaliita jina la Yesu, kisha akakimbilia juu ya kilima na simu aliyokuwa ameificha ndani ya gunia. Bwana asifiwe kwa mume asiyetii! Rezo, ule mtandao wa simu, ilikuwa kidogo sana, nayo ilitoka kwenye antene ile ile. Mama Vumilia akaja kwa pikipiki, akanichoma sindano, wakaniweka katikati yake na dereva mpaka hospitali. Nikapasuliwa siku hiyo hiyo. Mtoto alitoka mdogo kama kuku, lakini alilia. Alilia, ndugu zangu! Haleluya!

Nilipopata akili nikamwambia Mama Vumilia kwamba umeme wa antene umenifuata mpaka shambani. Alinitazama sana.

“Umeme gani, mama? Miye nilikuambia tension ya damu! Damu yako ilikuwa inasukuma na nguvu.” Akashika kichwa. “Ni kosa yangu pia. Sikukufasiria.”

Nikamuuliza juu ya mionzi. Hakunidharau. Alisema wenye elimu wanaendelea kuichunguza, lakini ile ya rezo inayotufikia majumbani ni dhaifu, na haijaonekana kwamba inaharibu mimba. Tension ya damu inaua, hiyo ameiona kwa macho yake. Nikauliza: na wale wawili wa kwanza, je, wangepona? Alinishika mkono, tukalia pamoja.

Mungu aliniokoa na kifo, akaniokoa na chuki pia. Nilimwendea Papa Kitumaini, nikapiga magoti, akanisamehe kabla sijamaliza kusema. Asante, papa. Asante, Yesu!

Sikuambii kwamba hofu ni dhambi. Nakuambia usikae nayo peke yako. Ukiambiwa neno usilolielewa, uliza, hata mara kumi. Mungu wetu anasikia maombi, na mikono anayotumia mara nyingine imeshika sindano. Mtegemee, halafu nenda ukapimwe. Nilitaka kusema kwamba kesho asubuhi nitawasindikiza wenye mimba wote kwa Mama Vumilia.

Lakini wewe, mama mwenye mimba, wa kitambaa cha bluu, tangu nianze kusema nakuona umeshika kichwa, na uso wako umevimba. Wewe usingoje kesho. Simama, mama yangu. Nipe mkono, twende sasa hivi. Ndugu zangu, ninyi mubaki mukiomba.