Mama Aliyemwaga Majani ya Wenzake

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto usogee karibu na redio. Kama uko dukani pale Sotik, mwambie mteja angoje kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Marcella Nyamusi, na sitaki mtu akose hata neno moja. Mimi ni Phelix Ogoti.

Mama Marcella Nyamusi ametuacha Jumapili iliyopita. Alifariki nyumbani kwake, juu ya Kapkatet, baada ya kuugua kwa miezi kadhaa. Wengi walimwita Mama Valary, kwa jina la binti yake.

Marcella alizaliwa upande wa Kisii. Alikuja huku akiwa msichana, kuchuna majani ya chai kwenye mashamba makubwa. Ndipo akampata Kipkurui, kijana wa Kipsigis mwenye shamba lake dogo la chai. Wakaoana. Wapo waliosema ndoa hiyo haitafika Krismasi. Basi, walingoja sana!

Shemeji yake, Mzee Kipkemoi, ameniambia huku akicheka na kufuta machozi: "Huyu mama alikuja hajui hata kuosha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Baadaye, sisi ndio tulikuwa tunaenda kwake kuomba maziwa. Ile yake ilikuwa tamu kuliko ya wamama wetu wote. Usiseme nimesema."

Pole mzee, nimesema.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Ninyi mnaolima chai mnajua shida ya majani yaliyolowa. Ukiyafikisha kituoni kuuza yakidondoka maji, karani anakukunjia uso. Kwa hivyo mvua ikianza, tunafanya nini? Tunabeba vikapu, tunakimbilia chini ya mti. Sote tumelelewa hivyo. Tunaogopea majani kuliko vichwa vyetu.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, msimu wa mvua ndefu. Marcella alikuwa chini ya mti mkubwa ulio ukingoni mwa shamba lao. Kipkurui alikuwa ameshaondoka na kikapu mgongoni, karibu anafika mlangoni mwa nyumba yao. Mvua ikaanza. Marcella akamwita: "Baba Valary, rudi huku, majani yatalowa!"

Kipkurui akarudi. Radi ikapiga ule mti. Kipkurui akafa papo hapo. Marcella alirushwa chini, lakini akaamka akiwa hai.

Aliamka, ndiyo, lakini kuishi kulimshinda. Valary anasema: "Mum alikuwa na maneno moja tu. Mimi ndio nilimwita. Unampatia chakula, anasema, mimi ndio nilimwita. Watu wa kanisa wanakuja kumpa pole, anawaambia hivyo hivyo. Nilikuwa naogopa kumwacha peke yake hata niende choo."

Hakukanyaga tena shambani. Na chai isipochunwa, mnajua, inakuwa miti. Chai yao ilikua mpaka ikampita mtu kimo. Mlango ukibamizwa, Marcella alipiga kelele. Wingu likijikusanya, aliingia chumbani na kujifunika blanketi mpaka kichwani. Kukawa na watu wakinong'ona eti ni laana, eti arudishwe kwao. Ovyo kabisa! Mzee Kipkemoi aliwajibu barabarani, mchana kweupe: "Huyu ni mama wa hii boma. Anayetaka kumrudisha, aanze na mimi." Mungu ambariki huyo mzee.

Ikaja siku moja, mwaka wa pili wa ujane wake. Akina mama wa kikundi huchuna kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku hiyo walikuwa kwa jirani yake, Chemutai. Mvua ikaja na ngurumo. Marcella alikuwa ndani ya blanketi lake. Na huko ndani alijua wenzake wamekimbilia wapi. Hakuhitaji kuambiwa. Walikuwa chini ya mti, na vikapu vyao.

Wasikilizaji wapendwa, huyu ni mtu ambaye alishindwa hata kusimama dirishani mbingu ikinguruma. Siku hiyo alitoka nje.

Chemutai anasimulia: "Tuliona mtu anakuja mbio kwa matope, hana viatu. Anapiga kelele, ingieni kwa nyumba! Ingieni kwa nyumba! Tukamwambia, Mama Valary, tulia, majani yatalowa."

Majani yatalowa. Maneno yale yale! Chemutai anasema Marcella alisimama kama amepigwa kofi. Kisha akashika kikapu cha Chemutai, akakipindua. Majani yote chini, kwenye matope. Akashika cha pili. Akashika cha tatu. "Sasa hakuna ya kulowa," akasema. "Twendeni!"

Walimfuata mbio, na niseme ukweli, walimfuata ili wamgombeze. Ndani ya nyumba yake, wakiwa wamelowa chapachapa, walimwambia maneno ambayo redio hairuhusu.

Najua mnataka kuuliza kama radi iliupiga ule mti wa kwa Chemutai. Haikuupiga. Mvua ilinyesha, ikakatika, na mti uko pale mpaka leo. Akina mama walipoteza kazi ya siku nzima, na jioni kijiji kizima kikasema Marcella sasa amerukwa na akili.

Kesho yake, alfajiri, akatokea shambani kwa Chemutai na kikapu mgongoni. Akasema, "Nimekuja kurudisha majani yenu." Tangu azike mume wake hakuwa amegusa jani la chai. Alichuna huku analia. Alichunia kila mmoja mpaka akamaliza. Alipomaliza, wale wale waliomtukana wakaja na mapanga, wakamsaidia kukata ile miti yake ya chai chini kabisa, ichipuke upya.

Je, alipona? Tusidanganyane. Valary anasema mama yake alitetemeka kwa kila ngurumo, mpaka mvua yake ya mwisho. "Lakini hakujificha tena," anasema. "Alikuwa anasimama kwa mlango, anatetemeka, anaita kila mtu kwa jina mpaka wote waingie. Halafu anaweka chai."

Sasa kule juu wanaanza kuchuna alfajiri, kabla ya mvua ya mchana. Mbingu ikinguruma wanaacha kila kitu, wanaingia nyumbani. Tangu wakati huo, kijijini kwao radi haijamchukua mtu. Hakuna aliyewaamuru ila mjane mmoja mwoga, na mimi najivunia kuwa nilimjua.

Kwa Valary, kwa Mzee Kipkemoi, kwa jamaa wa Kisii na wa Kapkatet: poleni sana. Mama yenu ametutendea wema sisi sote. Nawe unayesikiliza, ukiwa na jambo unalojilaumu usiku na mchana, mfikirie Marcella. Uoga haukumwisha, na bado watu walikuwa salama kwa ajili yake.

Mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwake. Familia inaomba mfike asubuhi mapema, kwa sababu mchana hunyesha. Mvua ikiwakuta, ingieni ndani, hata kama ni kubanana. Acheni maua yalowe, acheni viti vilowe. Asibaki mtu chini ya mti.