Edgar Kavuliwa Mkoba

Benchi la Barabara ya Nane, Ngamiani, limeegemea ukuta wa fundi baiskeli, na mwenye dele la kahawa hapo ni Bi Zuleha, mdomo wake mkali kuliko tangawizi anayouza. Jumatatu hiyo aliona kabla ya wote: Edgar tarishi, ambaye kijiwe humwita Posta, kaja mikono mitupu. Ule mkoba wa ngozi wenye kufuli, aliokuwa akiupeleka shamba la mkonge huko Muheza na kuurudisha ofisi ya mjini, ofisi ilikuwa imeuchukua Ijumaa, pamoja na kazi. Zuleha hakuilia kazi. Watu hufukuzwa na bado wanakula. Alimfikiria Beatrisi, mamake Edgar, kule kambini shambani. Akili imemtoka, mwanawe hamjui. Anachokijua ni mkoba, maana marehemu mumewe Rafaeli ndiye aliyeubeba kabla ya Edgar. Akilipapasa lile kufuli dirishani hufungua mlango, akamwita Edgar kwa jina la Rafaeli, akakubali kuogeshwa na kubadilishwa nguo. Jirani humsukumia chakula dirishani, basi. Wengine wakibisha huwarushia sufuria.

— Wamekwambia sababu? Zuleha aliuliza, akimimina.

— Wamesema ofisi mbili sasa ni moja. Karatasi zinapita mtandaoni, kwenye njia ya faragha.

— Hilo ni bomba, alidakia Hatibu, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Limepita chini ya reli mpaka Muheza. Kwani hamkuona walivyofukua pale stesheni?

— Pale walikuwa wanajenga choo, Zuleha alisema.

— Choo geresha. Barua inasagwa unga, inapulizwa, kule inaloweshwa, inakuwa barua tena.

Innocent, kijana wa kompyuta, Waya kwa jina la kijiwe, hakuweza kuvumilia.

— Hakuna bomba, mzee Redio. Njia ni ileile ya intaneti, mimi na wewe tunapita humohumo. Kuna kisanduku hapa na kisanduku kule. Kabla ya kusemezana vinaulizana siri, vinaijua vyenyewe viwili tu. Siri ikikubali, kila kinachotoka hapa kinavurugwa, na kile cha pili ndicho kinachoweza kukirudisha sawa. Akidaka mtu njiani, kadaka takataka.

— Majini, Redio alisema. Mapacha. Mmoja kafungiwa mjini, mwenziwe shamba. Hawalali, hawali, wanataka ubani tu kila Alhamisi.

— Na asiye na hiyo siri? Edgar aliuliza.

— Hafunguliwi, mjomba.

— Hata akiwa mtu wa ndani?

— Kisanduku hakijui mtu. Kinajua siri.

— Basi namjua mmoja wa namna hiyo, Edgar alisema, akanywa.

Zuleha alikuwa akimtazama kijana. Tangu afike hajamwangalia Edgar usoni.

— Vilifungwa na nani hivyo visanduku?

— Mimi, bibi.

— Na cha shamba kilifikaje?

Edgar ndiye aliyejibu.

— Nilikipeleka mimi. Kwenye mkoba. Nikadhani ni redio ya meneja.

Hata Hatibu hakucheka.

— Mjomba, niliambiwa funga, nikafunga.

— Hakuna anayekulaumu, Edgar alisema.

— Mimi namlaumu, Zuleha alisema. Lakini kahawa yake anywe, itapoa.

Redio alijikuna kidevu.

— Si ununue mkoba mwingine, Posta? Sokoni imejaa.

— Nilinunua. Jana nimekwenda nao. Rangi ileile, na kufuli. Kaupapasa, kaunusa, akanifungia. Kasema mimi mwizi. Kasema Rafaeli akija nitakiona. Nimekaa pale nje mpaka basi la mwisho, na yeye ndani anaimba nyimbo za kanisani, na harufu inatoka.

— Kawaombe ofisini.

— Nimewaomba. Ni mali ya kampuni, umetiwa stoo.

— Na Waya wetu, Zuleha alisema, hana kisanduku cha kumfungulia mtu mlango wa mamake.

Innocent aliangalia viatu.

Hapo akaja Sleyum, muuza vitambaa, tairi limepasuka. Alimwachia fundi baiskeli yake, akajipenyeza kwenye benchi, akapokea kikombe.

— Nani kakufungia mlango, bwana? Nimesikia nikija.

— Mama yangu.

— Kisa?

— Sikuwa na mkoba.

Sleyum aliwatazama mmoja mmoja, akingoja wacheke, ajue ni mzaha.

— Mtu anakwenda kwa mamake, mkoba wa nini?

Zuleha, ambaye kwa kila swali ana jibu na la akiba, aliinama akapuliza makaa, na makaa yalikuwa yanawaka vizuri tu.