Supu ya Mifupa Niliyompa Jirani

Nawasalimu nyote, wenye figo zenu na sisi tunaotegemea mashine. Mimi hushona sare za shule pale Jericho, na damu yangu husafishwa mara mbili kwa wiki. Leo nitasema ukweli, hata kama kuna watakaonichukia.

Mwaka wa pili wa mashine, mifupa ilianza kuniuma. Magoti, mabega, hata vidole vya kushika sindano. Nyinyi akina mama wa ushirika mnajua mgonjwa haendewi mikono mitupu. Mlikuja na supu ya mifupa kwenye thamosi, na maziwa pia. Nami nikajiongeza: nikaenda duka la dawa, nikanunua tembe za kalsiamu. Sikumuuliza daktari. Ningeuliza nini, na mfupa ukiuma si unapewa mfupa?

Ndugu zangu, kama ningeishia kwangu, leo ningekuwa nawachekesha. Lakini pale hospitalini, kiti kilichopakana na changu, alikuwepo baba mmoja, dereva wa lori kutoka Baba Dogo. Naye miguu ilimuuma. Nikawa namletea supu na kumgawia tembe zangu.

"Mathe, hii supu yako itanirudisha kwa stiaringi," alikuwa ananiambia.

"Kunywa, baba. Mifupa ipate nguvu."

Siku moja nikapigwa picha ya mkono. Daktari akanionyesha mistari myeupe kando ya mifupa. "Mama, hii ni mishipa yako ya damu. Haifai kuonekana hivi." Akanieleza kwamba figo zikishindwa, fosfeti, madini yaliyomo kwenye maziwa na supu ya mifupa, huzidi kwenye damu, na pamoja na kalsiamu polepole hujikusanya kwenye kuta za mishipa mpaka inakuwa migumu, na moyo unaumia ukisukuma. Akaniuliza nakula nini. Nikataja yote. Hakunigombeza. Alifunga macho kidogo tu.

Nikaenda mbio kumwonya jirani yangu. Kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Moyo ulikuwa umemsimama nyumbani, siku mbili kabla.

Nikamuuliza daktari kama ni mimi. Akasema yule alikuwa mgonjwa wa miaka mingi, na hakuna anayeweza kujua. Hakuna anayeweza kujua! Nawaambia, hilo ndilo linalonitesa. Nikikata kitambaa namwona, ameshika kikombe kwa mikono miwili, ananishukuru.

Miezi ikapita hivyo. Mwishowe nikaenda kwa mjane wake, aliyekuwa amehamia Pipeline, nikapanda ngazi nikipumzika kila ghorofa. Nikamwambia yote, supu na tembe. Nilitaka anifukuze.

Yeye akasema, "Chakula changu alikuwa hataki. Nilikuwa nashangaa ni nani anamlisha."

Akalia, nami nikalia. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Nilipoinuka kutoka aliniambia, "Hayo uliyoniambia, kawaambie na wengine." Ndiyo maana nimesimama hapa.

Nawashukuru wauguzi, na daktari aliyenipa dawa ya kufunga fosfeti isiingie kwenye damu, ambayo naimeza pamoja na chakula. Anasema mishipa haijazidi kuharibika, ingawa kilichoingia hakitoki. Nanyi akina mama nawashukuru, mlinipenda kwa mlichokijua.

Endeleeni kututembelea. Lakini kabla hujampa mgonjwa wa figo chochote, uliza kliniki kwanza. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, na sasa nauliza kila siku.